ELIMU NA UFUNDI: Kulalisha Mapanga ya Ndege Angani

Mvuvi wa pande za Sondu, mto uingiapo katika Ghuba ya Winam, ajua kwamba kafi lina namna mbili za kukaa majini. Akilishika ubapa, maji hulipinga na mtumbwi husogea; akiligeuza likate maji kwa ukingo wake, hupita bila kizuizi. Jambo hilo hilo huwaokoa abiria wa ndege ya injini mbili, injini moja inapozimika.

Rafadha ni lile pangaboi lililo mbele ya injini. Injini ikiwa hai, huizungusha rafadha, nayo huvuta ndege. Injini ikifa mambo hugeuka: upepo wa mwendo ndio uizungushao rafadha, nayo huizuia ndege kana kwamba ubao mpana umefungwa kwenye bawa moja. Ndege hupinda upande huo na kupoteza mwendo. Kisumu hatari huzidi, kwa kuwa Ziwa li karibu mita 1,134 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na kupaa kwa injini moja huwa kazi nzito.

Dawa yake ni kugeuza mapanga ya rafadha mpaka kingo zake zielekee mbele na kuukata upepo. Kazi hiyo yaweza kuitwa kulalisha mapanga. Katika ndege nyingi ndogo za injini mbili, msukumo wa oili huyaweka mapanga katika hali ya kuvuta, na springi pamoja na vizito huyasukuma kwenda kulala. Rubani akirudisha wenzo nyuma kabisa, oili hutoka, mapanga hulala. Lakini asichelewe: mizunguko ikipungua mno, vipini vidogo huyazuia yasilale, kwani vimewekwa ili yasilale kila injini izimwapo uwanjani. Katika Dakota, zilizorushwa na East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977, pampu ya umeme ilisukuma oili rubani alipobonyeza kitufe. Katika Dash 8 zirukazo leo baina ya Kisumu na Nairobi, mtambo wenyewe waweza kuyalalisha injini ikishindwa wakati wa kuruka.

Kuyaamsha mapanga ni kinyume chake. Oili hurudishwa kwa msukumo, mapanga hugeuka kidogo, upepo huanza kuizungusha rafadha, ndipo injini huwashwa na kuachwa ipate joto kabla ya kutiwa nguvu.

Ufundi wote huo ni bure iwapo rubani hakutambua injini iliyokufa. Ndege ipindapo, yeye huikanyagia pedali ya upande wa pili ili inyooke. Mguu uliobaki bila kazi humwonyesha upande wa injini iliyokufa. Kisha huvuta nyuma wenzo wa nguvu wa injini hiyo: pasipobadilika kitu, ndiyo yenyewe. Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, mapanga ya kulia ya ndege ya TransAsia yalijilalisha mara baada ya kuruka. Rubani akaizima injini ya kushoto, iliyokuwa nzima. Alipotanabahi na kujaribu kuiwasha tena, nafasi ilikwisha pita. Ndege ikaangukia mtoni, na katika watu 58 waliokuwamo, 43 walikufa.

Ndiyo sababu marubani hufundishwa kuitaja injini iliyokufa, kuihakikisha, na baada ya hapo tu kuyalalisha mapanga yake. Haraka haraka haina baraka, hata pale sekunde zinapohesabiwa.