Kosa la Kushindwa Kuzuia

Mwaka 2011, ndani ya wiki saba tu, yalitokea mambo matatu ambayo ni nadra kuyasikia yakitajwa pamoja. Tarehe 16 Mei polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu wasiopungua watano kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, wilayani Tarime. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 16 Juni, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha huko Geneva miongozo ya biashara na haki za binadamu, kazi iliyoongozwa na Profesa John Ruggie. Tarehe 1 Julai ikaanza kutumika sheria mpya ya rushwa ya Uingereza.

Miongozo ya Geneva inazitaka kampuni ziheshimu haki za watu. Sheria ya London inaziadhibu zikishindwa kuzuia hongo. Kampuni kubwa zinazochimba, kulima na kukopesha katika nchi zetu leo huyaweka mambo haya mawili katika kijitabu kimoja cha maadili, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba yana uzito sawa. Hayana. Tanzania imeyaonja yote mawili na imeona kila moja lilivyomalizika.

Tuanze na hongo. Mwaka 2012 Standard Bank ya London na kampuni dada yake, Stanbic Tanzania, zilikuwa zikiitafutia Serikali ya Tanzania mkopo wa dola milioni 600. Ada iliyopendekezwa kwanza ilikuwa asilimia 1.4, na mazungumzo yakasuasua. Ada ilipopandishwa hadi asilimia 2.4 mambo yakaenda. Ile asilimia moja ya nyongeza, yaani dola milioni 6, ilipangiwa kampuni ya hapa nchini iliyoitwa EGMA, ambayo mwenyekiti wake na mmoja wa wenye hisa alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato wa wakati huo. Kazi iliyofanywa na EGMA kustahili malipo hayo haikuonekana.

Machi 2013 fedha ziliingia katika akaunti ya EGMA, hapo hapo Stanbic. Kwa muda wa siku kumi hivi, dola milioni 5.2 zikawa zimeshatolewa taslimu. Wafanyakazi wa benki wakashtuka na kupeleka taarifa kwa wakubwa. Aprili hiyo hiyo, kabla mwandishi wa habari au mpelelezi yeyote hajabisha hodi, benki ikajipeleka yenyewe kwa waendesha mashtaka wa Uingereza. Novemba 2015 Jaji Leveson aliidhinisha makubaliano: faini na faida iliyorudishwa, jumla dola milioni 25.2, zikaenda hazina ya Uingereza, na Tanzania ikalipwa fidia ya dola milioni 6 na riba yake.

Mgawo huo bado unaniuma. Deni ni la Mtanzania, ada ya juu ililipwa kutokana na mkopo wake, lakini fungu kubwa likabaki London. Hata hivyo kuna jambo la kujifunza katika kesi hii, nalo ni sababu iliyoifanya benki ikimbilie kujisalimisha. Kifungu cha 7 cha sheria ile kinasema kwamba mtu anayeifanyia kampuni kazi akitoa hongo kwa manufaa ya kampuni hiyo, popote duniani, kampuni ina hatia. Utetezi ni mmoja tu: kampuni ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Si mlalamikaji wa Dar es Salaam anayetakiwa kuvuka bahari na ushahidi mkononi. Ni kampuni inayotakiwa kujieleza.

Taratibu za maandishi benki ilikuwa nazo. Kilichoiangusha ni kwamba London iliiachia Stanbic kazi ya kuichunguza EGMA, na Stanbic haikuichunguza inavyopaswa. Wengi waliowahi kufanya kazi katika kampuni yenye matawi wataitambua hali hiyo: kila ofisi inaamini kwamba ukaguzi umefanywa na ofisi nyingine. Aliyeona ukweli ni mtu aliyeziona noti zikitoka. Kwa hiyo nikisikia kampuni ikijisifu kwa mafunzo ya maadili, swali langu la kwanza ni kama keshia wake anaweza kumripoti mteja mkubwa na kesho yake akabaki na ajira.

Sasa twende Nyamongo. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002 katika eneo ambalo wenyeji walikuwa wakichimba kwa mikono. Vijana wakaendelea kuingia kuokota mawe yenye mabaki ya dhahabu, na mgodi ukawaita wavamizi. Kwa makubaliano ya maandishi, polisi walilinda mgodi, nao mgodi ukawagharimia, ikiwa ni pamoja na posho, mafuta na malazi. Kisheria hiyo haiitwi hongo. Lakini askari ambaye posho yake inatoka mgodini ana sababu gani ya kumsikiliza mwanakijiji anapokuja kushtaki mgodi? Hapo ndipo fedha na haki za watu zinapokutana, na hakuna mkaguzi wa rushwa anayeangalia, kwa sababu risiti zote zipo.

Mwaka 2016 tume iliyoundwa kuchunguza malalamiko ya wananchi ilipokea taarifa za watu 65 waliouawa na 270 waliojeruhiwa na polisi waliolinda mgodi huo. Waliotaka haki walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ofisi ya malalamiko ya mgodi wenyewe. Fikiria mtu mwenye jeraha la risasi mguuni anaingia katika ofisi hiyo. Anayepokea malalamiko ni mgodi, anayechunguza ni mgodi, anayeamua kama alidhulumiwa na apewe kiasi gani ni mgodi. Mashirika ya RAID na MiningWatch Canada yaliandika kwamba baadhi ya waliolipwa walitakiwa kwanza kutia saini karatasi ya kuacha haki yao ya kuishtaki kampuni. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Baadaye ofisi hiyo ilifanyiwa marekebisho, lakini iliendelea kuwa ya mgodi.

Njia ya pili ilikuwa kwenda mbali. Mwaka 2013 baadhi yao walifungua kesi London, ambako kampuni mama ya wakati huo, African Barrick Gold, ilikuwa imesajiliwa katika soko la hisa. Kesi ikamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015, na masharti hayakutangazwa. Wengine wakafungua kesi Uingereza tena mwaka 2020, na wengine Ontario, Kanada, mwaka 2022. Barrick, mmiliki mkuu wa mgodi, hukana kuwajibika na kusema polisi ni wa serikali na wana kamandi yao wenyewe.

Hoja hiyo inastahili kujibiwa, kwa sababu ni kweli kampuni haimwamuru askari afyatue risasi. Lakini Standard Bank nayo haikushtakiwa kwa kutoa hongo kwa mkono wake. Ilishtakiwa kwa kutozuia. Kama sheria inaweza kumtaka mwenye benki awajibike kwa kitendo cha kampuni dada iliyo bara lingine, inashindwaje kumtaka mwenye mgodi aonyeshe alichofanya kuzuia vifo kwenye uzio wake mwenyewe, vilivyosababishwa na watu anaowagharimia? Kamati ya Haki za Binadamu ya Bunge la Uingereza ilipendekeza hilo mwaka 2017: kosa la kushindwa kuzuia ukiukaji wa haki, kwa mfano wa sheria ya rushwa. Hadi leo pendekezo hilo halijawa sheria.

Wapo wanaosema mzigo huo utafukuza wawekezaji. Hofu hiyo hiyo ilitolewa juu ya sheria ya rushwa, na benki na migodi bado ipo. Tahadhari ninayoikubali ni nyingine. Ufaransa ilitunga mwaka 2017 sheria inayozitaka kampuni kubwa ziwe na mpango wa kuzuia madhara, na mashirika ya Uganda na Ufaransa yakaitumia dhidi ya TotalEnergies kuhusu mradi wa mafuta wa Tilenga na bomba la Hoima hadi Tanga. Februari 2023 mahakama ya Paris iliikataa kesi kwa sababu za kiutaratibu. Sheria inayodai mpango tu huleta mpango. Inayofaa ni ile inayoigeuzia kampuni mzigo wa kuthibitisha.

Na hatuna haja ya kuisubiri London. Sheria ya hongo ya Kenya ya mwaka 2016 tayari inafanya kuwa ni kosa kwa taasisi binafsi kushindwa kuzuia hongo. Dodoma inaweza kuanzia hapo na kuongeza kifungu cha vifo na majeruhi. Ugumu ni kwamba serikali sasa ina asilimia 16 ya hisa za North Mara, na polisi ni wake. Kwa hiyo uchunguzi wa kila risasi inayofyatuliwa mgodini ufanywe na chombo kisicho chini ya polisi wala mgodi, na kila shilingi ambayo mgodi unawapa polisi ionyeshwe katika hesabu za mwaka, kwa jina la kituo na kusudi la malipo.