Sketi ya Dior tutaishona, na hatuombi radhi

Jamani, hili suala la sketi tuliseme wazi, maana limezungumzwa sana pembeni.

Juzi dada mmoja wa darasa la ushonaji alimwonyesha mgeni wa shirika sketi aliyoishona mwenyewe. Sketi ya kitenge, duara zima, imebana kiunoni halafu inafunguka mpaka chini ya magoti. Mtindo aliuona kwenye simu, picha za maonyesho ya Dior. Mgeni akaitazama, akatabasamu, akasema nzuri, lakini hiyo ni kopi. Vijana mngejikita kwenye vitu vyenye soko. Vitu vyenye soko, kwa wasiojua, ni sare za shule na vile vimikoba vya kitenge tunavyowauzia wageni hao hao. Na sisi wenzake, badala ya kumtetea, tukacheka. Eti mkimbizi anashona Dior wakati unga wenyewe hautoshi.

Tulikosea kucheka.

Tuanze na neno kopi. Maonyesho yale yalifanyika Marrakech, Morocco, Aprili 2019, na vitenge vyake vilitengenezwa na kiwanda cha Uniwax cha Abidjan, Côte d'Ivoire. Yaani nyumba ya mitindo ya Paris ilichukua kitambaa cha aina ile ile ambayo mama zetu walijifunga wakivuka kutoka Uvira na Fizi, ikakata sketi, ikaweka jina lake. Hatusemi iliiba. Ilishirikiana na kiwanda, kiwanda kikatajwa, vizuri. Ila sasa nani amemkopi nani? Kitenge chenyewe kilianza kama kopi. Waholanzi wa karne ya 19 waliiga batiki ya Java kwa mashine; kampuni inayoitwa leo Vlisco ilianza mji wa Helmond mwaka 1846. Kitambaa kikapata wateja Afrika Magharibi, kikasambaa, kikawa chetu. Baadaye Wachina wakawaiga Waholanzi, na hicho cha Wachina ndicho mfuko wetu unakiweza. Mlolongo wote huo ni watu kuangalia kazi ya mwenzao na kuirudia kwa mikono yao. Ukifika kwa binti wa kambini ndiyo unaitwa kopi?

Halafu hili la unga. Hili ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu tulilisema sisi.

Christian Dior alionyesha nguo zake za kwanza Paris, Februari 1947. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu. Uingereza mwaka huo mkate ulikuwa kwa mgawo, nguo pia kwa kuponi, na kuponi za nguo hazikufutwa mpaka 1949. Katikati ya hali hiyo anatokea mtu na sketi inayomeza mita na mita za kitambaa! Watu walikasirika kweli, wakasema ni ufujaji. Na bado wanawake waliishona nyumbani, kila mmoja kwa kitambaa alichopata. Hawakungoja mgawo uishe ndipo watamani kupendeza. Sisi tunaopanga mstari na kadi mkononi tungepaswa kuwa wa kwanza kuwaelewa, sio kuwa wa kwanza kucheka.

Tena Paris wenyewe waliuza ruhusa ya kunakili. Wanunuzi wa maduka ya Marekani walilipia mifano ili wakashone kwao, na mwaka 1949 Vogue ilianza kuuza karatasi za kukatia za wabunifu wa Paris kwa mama wa kawaida mwenye cherehani sebuleni. Kwa hiyo tusitishane.

Kuna wanaosema sketi haifundishi kitu, ni mapambo. Hawajawahi kuikata. Mkoba ni mistari iliyonyooka: kata, kunja, pita na mashine, maliza. Sare ni hivyo hivyo ukiondoa marinda. Duara ni hesabu. Unagawa mzunguko wa kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo. Kiuno cha sentimita 72 kinakupa 11 na nusu. Ukitaka urefu wa 75, jumla ni 86 na nusu. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo nusu duara inakaa ndani ya upana, na kwa urefu inakula mita 1.73. Nusu mbili ni mita tatu na nusu, weka na za mshono. Kipande cha yadi sita ni karibu mita tano na nusu, kwa hiyo unabaki na kama mita mbili, blauzi hiyo, au nguo ya mdogo wako.

Na kiuno ukate kidogo kuliko hesabu, kwa sababu mshono unakipanua na mkato wa duara unavutika. Mmoja wetu (yupo, anajijua) alikata sawasawa na hesabu, sketi ikamshukia kwenye nyonga mbele za watu. Kingine: usipinde pindo siku hiyo hiyo. Ining'inize usiku kucha, maana sehemu zilizokaa mshazari hushuka zenyewe, asubuhi ndiyo unasawazisha. Angalia na maua, ukikata bila kufikiri ndege watatembea vichwa chini. Tunachora kwanza kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, alama tunaweka kwa kipande cha sabuni. Na hapana, ndani hatukuweka chandarua ili ipae. Tunajua mnasoma.

Mwenye kuweza hayo, sare ataishona macho yamefumba. Aliyeshona sare tu, mteja wa mjini akimletea picha kwenye simu atabaki anakuna kichwa. Na wateja ndivyo wanavyokuja siku hizi, na picha.

Ila kuna kitu sisi kwa sisi tuambiane. Kuna vijana wananunua lebo za majina makubwa sokoni na kushonea ndani ya sketi. Hapo hatuko pamoja. Marekani, kwa kawaida, hakimiliki hailindi mkato wa sketi, lakini jina ni alama ya biashara ya mtu, na kuliweka kwenye kazi yako ni kumdanganya mnunuzi. Mbaya zaidi, dada umekesha na mkasi halafu sifa unampa mtu wa Paris? Tunajua ndugu zetu wa Kinshasa na Brazzaville wamefanya lebo kama dini, na marehemu Papa Wemba alizipigia debe mpaka basi. Tunawapenda. Lakini shona jina lako.

Kwa wahudumu wa mashirika tuna jambo moja, wala si pesa. Vyeti vya ushonaji tumepata. Siku ya cheti ndiyo siku ya mwisho ya kugusa mashine, kwa sababu chumba hufunguliwa kwa darasa jipya tu. Jumamosi na Jumapili cherehani zimekaa humo zimefunikwa, kufuli mlangoni, na yule dada ameimalizia sketi yake kwa sindano ya mkono. Tuko tayari kusimamia zamu, kuandika majina, kununua uzi na mafuta ya mashine wenyewe. Tumeshaandika orodha ya watu kumi na wanne. Tunauliza tu, ufunguo wa Jumamosi uko kwa nani?