Vijana Waombao Uafisa wa Jeshi, na Sisi Tushikao Kalamu

Mara tangazo la Jeshi la Wananchi litokapo, meza za makarani wa Mbinga huzungukwa na watu kuliko siku za malipo ya kahawa. Huja kijana na baba yake, pengine na mjomba pia, na bahasha iliyokunjwa mara nne, na vyeti vilivyolowa jasho la safari. Wote hutaka barua na mhuri, tena upesi. Nasi tumezoea kuwatimizia haja bila kuwaambia neno, kana kwamba kazi yetu ni wino tu. Twaona imefaa kusema sasa, kwa kuwa katika mambo yawafungiayo vijana wetu njia ya uafisa, mengi hayatoki Dodoma wala Monduli, bali hutoka majumbani mwetu na mezani petu.

Yupo mzee mmoja wa Mpepai, jina lake hatulitaji, aliyetujia miaka michache iliyopita akitaka mwanawe apunguzwe miaka miwili. Mtoto yule alianza shule akiwa na umri wa miaka 9, maana nyumba ilikuwa mbali na shule, na masika vijito hufurika. Basi alipomaliza kidato cha sita akawa amekwisha kuupita umri uliotajwa katika tangazo. “Mwanangu,” mzee akasema, “wewe unayo kalamu. Miaka ni nini mbele ya kalamu?” Tukamjibu, “Baba, kalamu hii si yetu.” Hakupendezwa. Akaenda kwa mwingine, naye huyo hatumtaji, akapata alichotaka kwa fedha za kahawa yake.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Cheti kipya kilisema mwaka mmoja, cheti cha ubatizo kikasema mwingine, na kitambulisho cha taifa kilikuwa kimeandikwa kwa kukifuata kile cha ubatizo. Kijana akasimama mbele ya wasaili, afya njema, kifua kipana, alama nzuri. Akaulizwa alizaliwa mwaka gani. Akasita. Hakuulizwa la pili.

Twasema wazi, basi, kwamba umri haupunguziki. Kila tangazo hutaja ukomo wa umri kwa kadiri ya elimu ya mwombaji, na kijana aliyeupita ameupita. Uongo huu, zaidi ya kuwa ni kosa la jinai, hauna hata faida ya werevu, kwa sababu tarehe ya mtoto imeandikwa mahali pengi mno: parokiani, katika daftari la shule ya msingi, katika hati za mitihani, na katika kitambulisho chenye alama za vidole vyake. Mwongo atawezaje kuyapitia madaftari hayo yote na kuyafuta?

La pili ni majina, nalo huwaponza hata wasio na hila. Kwetu mtoto hubatizwa jina moja, nyumbani huitwa jina la babu, shuleni mwalimu akaandika alivyosikia. Akina Ndunguru, Komba na Kapinga wamejaa kila kijiji, na kila mwandishi ana herufi zake. Tumeona kijana mmoja mwenye vyeti vitatu vya watu watatu, na wote watatu ni yeye. Jambo hili lina dawa, yaani hati ya kiapo, na masahihisho kwa wenye mamlaka ya kila cheti, lakini dawa hiyo yataka miezi, na tangazo hutoa majuma machache tu. Mzazi asingoje tangazo. Mtoto aingiapo kidato cha tatu, vyeti vyake vitandazwe mezani visomwe pamoja, herufi kwa herufi.

Na sisi tukaao upande huu wa Ruvuma tuna jambo letu la peke yetu. Jeshi humtaka mwombaji awe raia wa Tanzania. Mto umekuwa mpaka wa serikali, lakini haujapata kuwa mpaka wa ndoa wala wa undugu. Tena wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, toka mwaka wa 1964 hata 1974, watu wengi walivuka kukimbilia kwetu, na baadhi yao hawakurudi. Kijana ambaye bibi yake alizaliwa ng’ambo asikasirike akiulizwa habari za wazazi wake, wala asifiche. Naye mzazi aandae mapema vyeti vya kuzaliwa, chake na cha mtoto, kuliko kuanza kutafuta mashahidi siku ya mwisho.

Habari za fedha tutazipita upesi, maana hazina mashaka. Maombi ya Jeshi hayana malipo. Makao Makuu yamelisema hilo mara kwa mara. Mtu apigaye simu usiku akijiita Kanali fulani, akataka atumiwe fedha ili jina la kijana liingizwe katika orodha, ni mwizi, hata akijua jina la shule ya mtoto wako.

Sasa tugeukie uafisa wenyewe, kwa kuwa wengi huuomba bila kujua wauombacho. Wapo vijana wenye shahada wadhanio kwamba wataandika barua leo na kesho wawekwe nyota mabegani. Sivyo. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa, lile lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambalo lina kambi Mlale, wilayani Songea, si mbali nasi. Kisha kwa kawaida kijana huandikishwa, hufundishwa uaskari kama wenzake, hukimbia, hulima, hufagia; ndipo wachache wateuliwapo kwenda Chuo cha Monduli, na huko, wakifaulu, hupewa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu kwa cheo cha Luteni Usu. Aonaye aibu kushika fagio asijisumbue kununua bahasha.

Nyota hizo mbabu zetu hawakuziwazia. Tarehe 13 Agosti 1914, katika ziwa letu hili, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga kwa mizinga meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo hapo Liuli, palipoitwa siku zile Sphinxhafen. Nahodha Mdachi alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza. Simu ya maandishi ilimfikia mwenzake, yeye haikumfikia. (Makarani wenzetu na walitafakari hilo.) Katika vita vile watu wetu walikuwa askari na wapagazi, walikufa pande zote mbili, lakini amri ilikuwa ya wageni pande zote mbili. Katika vita vya 1939 hata 1945 pia, askari wa King’s African Rifles walipigana hata Burma, na kwa Mwafrika wa Tanganyika ukomo wa daraja ulikuwa usajini-meja.

Maafisa wa kwanza walitokea karibu sana na Uhuru. Alexander Nyirenda, aliyepeleka bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro mwezi wa Desemba 1961, alikuwa amefunzwa Sandhurst, Uingereza. Kadhalika Mirisho Sarakikya. Walikuwa wachache mno. Tarehe 20 Januari 1964 askari waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa Waingereza. Serikali ililivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba mwaka ule ule likaanzishwa Jeshi la Wananchi, chini ya Sarakikya, kijana bado. Twayakumbusha haya kwa sababu kijana wa Mbinga aendaye Monduli hurithi mahali palipopatikana kwa shida, na pale 1964 ilionekana hatari ya jeshi ambalo askari wake hawawaamini walio juu yao.

Kuaminiwa ndiyo kazi yenyewe. Afisa, tukisema kikarani, ni mtu wa kutia sahihi. Hutia sahihi posho ya watu wake, likizo yao, risasi zao. Na siku mbaya hutia sahihi taarifa ya kifo. Tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki, mashariki ya Kongo, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika kazi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa. Kabla ya siku kama hiyo kuna afisa aliyewapanga watu zamu, na baada yake kuna afisa anayewaandikia wazazi. Je, tungependa mtu huyo awe yule ambaye karatasi yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya uongo, na karani aliyeitia mhuri ni mmoja wetu?

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya wanachama. Kila tawi litoe Jumamosi mbili kwa mwaka, moja kabla ya masika na moja baada ya mavuno, makarani waketi bila malipo kusoma vyeti vya watoto wa kidato cha tatu na cha tano, wavulana kwa wasichana. Wafundishwe pia kuandika barua ya maombi kwa mkono wao wenyewe, kama Makao Makuu yalivyotaka katika matangazo ya karibuni. Maana tumeona barua za vijana wenye shahada, na mwandiko wao ni kama kuku aliyekanyaga wino. Jina la mwanachama atakayepokea fedha ili kubadili tarehe lipelekwe kwa mkuu wake wa kazi na chama chenyewe, pasipo kungoja apatikane na wengine.

Yule kijana wa Mpepai sasa ana miche ya kahawa na ndoa njema. Mdogo wake wa kike yu kidato cha tatu, naye ndiye atakaye uafisa. Juma lililopita baba yao alikuja tena kwetu, na vyeti vyote katika mfuko wa nailoni. Hakusema habari za kalamu. Tuliketi naye hata saa kumi tukivisoma, tukakuta herufi moja imekosewa katika jina la babu.