Google ipime programu, isipime mfuko wa mwenye programu

Ndugu msomaji, kijana wa mjini unayekesha kwenye kompyuta ukitengeneza programu ya simu, suala hili ni lako. Usiwaachie wakubwa peke yao.

Duka la Android lilipofunguliwa mwaka 2008, njia ilikuwa nyeupe. Unalipa dola 25 mara moja tu, unapandisha programu, dunia inaiona. Matapeli nao wakajaa kama nzi jalalani. Mwaka 2015 Google ikatangaza kuwa imeweka watu wa kukagua programu kabla hazijaingia dukani. Hilo hatulipingi.

Kasheshe ilianza Novemba 2023. Mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 mwezi huo alitakiwa apate watu wasiopungua 20, wajiunge na majaribio ya programu yake na wabaki humo siku 14 mfululizo, ndipo aombe ruhusa ya kuitoa kwa umma. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi watu 12. Siku zikabaki 14 zile zile.

Wapo walioshangilia. Wewe jiulize kwanza: mbona makampuni hayaguswi? Mwenye akaunti ya kampuni hadaiwi mjaribu hata mmoja. Anadaiwa uthibitisho wa kampuni yake, ikiwemo namba ya D-U-N-S. Tangu lini karatasi ya usajili ikatibu kasoro za programu? Programu mbovu ya kigogo ni mbovu vile vile!

Apple wanatoza ghali, dola 99 kila mwaka, na ukaguzi wao ni mkali. Lakini hawamlazimishi mlalahoi kuhesabu vichwa. Majaribio ya TestFlight ni hiari yako.

Matokeo ya sharti hili yako wazi. Imezuka biashara ya wajaribu wa kukodi. Unalipa, wanajiandikisha, siku zinatimia, na hakuna aliyekuonyesha kosa hata moja. Sharti la kuzuia ubabaishaji limezaa ubabaishaji mwingine.

Kupima programu ni lazima, hatubishani. Ndiyo maana tunasema sharti liwe moja kwa wote, mwenye kampuni na asiye nayo.

Na wewe kijana, usinunue watu. Hapo kijiweni 12 wenye simu za Android hawakosekani. Wape programu yako, waambie wakuseme bila haya. Kesho na wewe ijaribu ya mwenzako.