Ukila vya mfalme, ujue utatumwa

Wiki hii tuyape likizo mambo ya mapenzi, tuongelee kitabu. Kinaitwa Assassin's Apprentice, kilitoka 1995, na mwandishi ni mama wa Kimarekani anayejiita Robin Hobb. Kuna falme na uchawi humo, lakini msidhani ni hadithi ya watoto.

Kijana wetu ni Fitz, mtoto wa nje wa mwana wa mfalme. Akiwa na miaka 6, babu mzaa mama anambwaga kwa askari: mlisheni nyie. Basi analelewa na mtunza farasi wa baba yake.

Siku moja babu wa pili, Mfalme Shrewd, anamwona. Hamkumbatii wala nini! Anampa ofa tu: nitakulisha, nitakuvisha, nitakusomesha, na wewe utakuwa mtu wangu. Anamchomeka pini ya fedha yenye kijiwe chekundu, biashara imeisha. Usiku mzee Chade anaanza kumfundisha sumu na kuua kimya kimya.

Mara vita hiyo. Maharamia wa merikebu nyekundu wanateka wanakijiji, halafu wanatuma ujumbe wa ajabu: toeni dhahabu, la sivyo tunawarudisha watu wenu! Hakuna anayeelewa, mpaka mateka wanaporudi. Mwili upo, utu hamna. Mtu haoni aibu, hana huruma, anaua kwa kipande cha mkate. Na nani anatumwa kuwamaliza kwa sumu? Fitz. Anaua raia wa babu yake mwenyewe.

Hapo mimi nikachoka kabisa. Maharamia wanamtoa mtu utu mara moja. Mfalme anamtoa mjukuu wake utu pole pole, kwa sahani ya chakula. Sasa adui nani? Kinachomwokoa Fitz ni kwamba kuua bado kunamuuma.

Masela wenzangu, mkono mtupu haulambwi, na wengi wetu tuko kijiweni hatuna kazi. Akitokea mshua wa kukupa kula, kuvaa na nauli, shukuru. Ila muulize mapema: mzee, utanituma wapi? Fitz hakuuliza, alikuwa mtoto mdogo. Wewe mwenzangu una ndevu.

Tukutane wiki ijayo.