Wifi Ameingia Nyumbani

Mwezi huu niruhusuni niseme ya nyumbani kwangu, maana naamini hayako kwangu peke yangu.

Nilikuwa sokoni, Mtoni kwa Aziz Ali, ikaingia meseji ya mume wangu: "Kesho wifi nyumbani, andaa sebule." Nikajua dada yake anakuja. Nikanunua kuku, nikatandika mashuka mapya chumba cha watoto. Kesho yake akaingia fundi na ngazi na waya begani! Kuku tulimla naye.

Lakini kabla ya huyo wifi tuligombana wiki nzima, na chanzo kilikuwa bando. Kila nikimwomba mume wangu hela ya kuongeza mzigo wa mashuka ninayouza mtandaoni, jibu ni moja: "Mama, hali ngumu." Siku moja nikaona kwenye simu yake: bando la 2,000 leo, la 2,000 jana, la 2,000 juzi. Jamani, niliwaka! Nikaita kikao, kila mtu aandike kwenye karatasi anachotumia. Yeye 60,000 kwa mwezi. Binti yetu wa chuo 30,000, mdogo wake 15,000. Zamu yangu ilipofika mkono ukawa mzito, kwa sababu na mimi nilikuwa nanunua la 30,000 kimya kimya, nalitoa kwenye hela ya mboga. Nilikwenda kumkamata mwenzangu, tukakamatwa wote. Jumla 135,000, na bado watoto walikuwa wanagombania hotspoti ya baba yao.

Wenzangu mliokuwa vijana miaka ya 2000 mnakumbuka ilivyokuwa: unapanda daladala kwenda intaneti kafe, unalipia saa nzima, barua pepe moja inafunguka kwa kujivuta. Wakati ule tulitegemea setilaiti, mpaka Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar, na EASSy ukafuata 2010. Leo mtu una uchaguzi. Kama faiba imefika mtaani kwako, anzia hapo. Kama haijafika, kuna rauta za laini, za 4G na 5G. Ila usilipe kwa kuangalia bango! Azima laini ya kampuni hiyo, itie kwenye simu, uijaribu ndani ya nyumba saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko hewani. Na wakikuambia "bila kikomo", uliza ni baada ya GB ngapi kasi inashushwa.

Sisi tulichukua Mbps 20 kwa 70,000 kwa mwezi. Filamu ya picha safi inataka kama Mbps 5, kwa hiyo kompyuta zetu nne zinatosha.

Vita ya pili ikawa ya chumbani. Mume wangu alitaka rauta ikae juu ya kabati letu, eti isiguswe na watoto. Sasa kuta za tofali za saruji zinameza mawimbi, binti yetu akawa anasikiliza vipindi vya chuo amekaa kwenye korido, mgongo kwenye mlango wetu. Usiku! Hebu fikirieni wenyewe. Nikamwambia, "Baba, hapa hapana faragha wala mtandao." Ikahamia koridoni, juu, mahali pa wazi. Kompyuta ya mezani, ile ya zamani, tuliichomekea waya moja kwa moja, maana waya wa mtandao unafika hata mita 100 bila shida. Umeme ukikatika, rauta inakula kibetri chake kidogo cha volti 12.

Kumbe bado. Wiki ya tatu mtandao ukawa unatambaa. Vijana walijaa barazani kwetu kila jioni, nikadhani wanampenda mwanangu. Kumbe mume wangu, mtu wa watu, alikuwa amegawa neno la siri kwa mtaa mzima. Nikalibadilisha bila kumwambia. Alirudi kutoka kazini, simu haishiki, akanuna mpaka asubuhi. Aliniambia neno lililoniuma: "Umenifungia mlango kwangu." Na kweli nilimkosea, ilibidi nimwambie kwanza.

Tuliyamaliza kwa kufungua mtandao wa wageni. Rauta nyingi za siku hizi zinao, una neno la siri lake, na nyingine zinakuruhusu kuupunguzia kasi. Majirani wanapata chao, la kwetu tunalijua wanne tu.

Malipo tunachangia: yeye ananitumia 40,000, mimi naongeza 30,000. Mwezi uliopita alichelewa siku mbili. Nikamtumia meseji: "Wifi anafungasha." Hela iliingia kabla sijaweka simu mezani.