Zimwi la ute halihitaji ngome

Nimechoka na wabunifu wetu wa michezo ya kuigiza wahusika wanaoazima zimwi la ute pamoja na ngome yake. Jamani! Mchemraba wa ute wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mwaka 1974, una upana wa futi 10 kwa sababu korido za mahandaki yao ni futi 10. Umekatwa kwa kipimo cha nyumba ya watu.

Sasa uulete Kagerankanda, kule Kasulu. Korido iko wapi? Chini huku kuna vichuguu, visima na mashimo ya vyoo. Ute wetu utambae humo, uibukie shambani wakati wa mvua, mtu adhani ni utelezi tu. Nasema uitwe Mlenda. Mnacheka? Kila aliyechovya tonge anajua unavyovutika na kugoma kukatika.

Na ukali wake? Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, Nunda alianza kama paka wa nyumbani. Akala mifugo, sultani akamtetea. Mwishowe akala wana wa sultani. Zimwi la kwetu hukua kwa sababu mwenye mamlaka analiachia. Mlenda usio na sultani wa kuutetea ni tope tu.